Kilele cha Kasongo

Timothée Kasongo, fundi wa magari wa mtaa wa Mangobo, mashariki mwa Congo, alikutwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya gereji yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwisho wa Julai 1964. Kichwa kilikuwa kimepasuliwa, spana kubwa imelala ubavuni pake, na damu ilikuwa bado mbichi. Aliyemkuta ni mkewe Hadidja, aliyekuwa amemletea chai. Birika lilimtoka mkononi, akapiga ukelele ulioamsha mtaa mzima.

Inspekta Amuri Waziri alifika mbio huku akifunga vifungo vya shati. Huyu alikuwa mtu mnene mwenye haraka, na kazi yake aliipenda waziwazi. Kila alipoonyeshwa fumbo, moyo ulimdunda kama wa bwana harusi, na hakuona haya kusema hivyo. Lakini asubuhi hiyo moyo ulimdunda na kumuuma kwa pamoja, maana marehemu alikuwa rafiki yake.

“Mama Hadidja, nani aliingia hapa?”

“Sikuona mutu, Papa Amuri. Alitoka nyumbani giza-giza kufungua gereji. Mimi nilibaki kupika chai.” Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. “Angalia ukuta. Foto yake haiko. Na ile jiwe nyeusi pia haiko.”

Amuri alitazama. Juu ya meza ya vyuma, ukutani, palikuwa na mraba mweupe mahali picha ilipokuwa, na msumari mmoja. Chini ya kichwa cha msumari kilibaki kipande kidogo cha karatasi ngumu, ncha ya picha iliyonyofolewa kwa haraka. Alikichomoa taratibu na kukifunga kwenye leso yake.

Picha hiyo aliijua vizuri, na nani Mangobo hakuijua? Miaka michache nyuma Wabelgiji walimchukua Timothée kwenye msafara wao wa ncha ya kusini ya dunia, awatengenezee magari yao ya minyororo. Huko, alisema, nchi yote imefunikwa na barafu nene kuliko mlima, na milima yenyewe imezama humo. Unaona vichwa tu vya mawe vikichungulia. “Ni kama mawe ya mto kule kwa wavuvi Wagenia,” alizoea kueleza. “Unaona kichwa, mwili uko ndani ya maji. Kule mahali pa maji ni barafu.” Kimoja cha vichwa hivyo alikipanda yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Akavunja jiwe jeusi, akapigwa picha jua likiwaka, amevaa makoti na miwani nyeusi hata uso hauonekani.

Nusu ya mtaa ilimwamini, nusu ilimcheka. Amuri alikuwa katikati. Siku moja, akitengenezewa gari lake, alimuuliza kwa utani Mwislamu anaswali vipi huko. Timothée akacheka chini ya gari. “Papa Amuri, kule utateseka. Katikati ya mwaka jua linakataa kutoka, miezi miwili! Na ikifika Noëli linakataa kuingia. Utajua magharibi yako namna gani?” Amuri alirudi nyumbani akamweleza imamu, na imamu akamwambia asimletee mambo ya gereji msikitini.

Kabla ya saa mbili, askari wa kambi walikuwa wamekwisha kumfunga mtu kamba. Alikuwa Nassoro, ndugu wa Hadidja, muuza vipuri. Shati lake lilikuwa limelowa damu.

“Kazi yako imekwisha, inspekta,” alisema kapteni, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Waasi walikuwa wamekwisha kuchukua Kindu, na mji mzima ulikuwa roho mkononi. “Jana saa moja ya mangaribi majirani wote walisikia ugomvi yao. Huyu alionyesha ile foto ya ukuta na kidole, akasema: ‘Nitapasua hii foto na kichwa yako pamoja!’ Bon. Leo kichwa imepasuka. Na watu wanasema yeye iko mutu ya waasi.”

“Watu gani?”

“Watu. Leo saa tisa avion, ndege ya wazungu, inatoka uwanja wa Simisimi. Ikishatoka, ninamupeleka nyuma ya kambi. Sina gereza ya kulisha muuaji.”

Amuri alijua nyuma ya kambi kuna nini. Wanne walikuwa wamepelekwa huko juma hilo, na hakuna aliyerudi. Basi roho ya Nassoro ilikuwa na muda mpaka saa tisa, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuitetea ila yeye.

Aliingia chumba alichofungiwa Nassoro, akakaa chini sakafuni naye.

“Niambie ukweli. Mligombana sababu gani?”

Nassoro alitazama mikono yake. “Sababu ya mulima, Papa. Nilimuambia: ‘Mulima bila majani, bila mutu, bila hata njia, unaupa jina ya nini? Wewe iko muongo.’ Alikuwa na furaha sana jana. Alisema muzungu mumoja anakuja na avion kuandika jina yake kwenye karte ya dunia. Mimi nikakasirika. Sijue hata sababu.”

“Na damu?”

“Dada alilia, nikakimbia. Nilimuinua kichwa. Donc, nimuache chini tu kama mbuzi? Alikuwa shemeji yangu!” Akalia kama mtoto. Amuri alimwamini papo hapo. Lakini kuamini si ushahidi, na kapteni hakuwa mtu wa kuhurumia machozi.

Aliyekuja na ndege alikuwa Mademoiselle Françoise, mchora ramani. Amuri alimkuta kwenye baraza la hoteli kando ya mto. Alizaliwa Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Na hakuwa peke yake. Mbele yake mezani palikuwa na jiwe jeusi na bahasha, na upande wa pili alikaa mwanamume mwembamba mwenye tai, Hilaire Kasongo, karani wa serikali na binamu wa marehemu.

Amuri alihisi damu inamwenda mbio. Alivuta kiti, akakaa.

“Habari ya kifo imenifikia, inanisikitisha sana,” alisema Françoise. “Lakini Monsieur Hilaire ananieleza kwamba aliyepanda ni yeye. Nami sina namna ya kujua. Vilele vile tunaviita nunatak, neno la watu wa kaskazini wanaokaa na barafu. Vingi havina jina. Vilivyopata, vimepewa ya wafalme, mawaziri, hata marafiki wa marubani. Hiki tulitaka kukipa jina la aliyekifikia kwanza. Kwenye karatasi za msafara wameandika ‘Kasongo, mécanicien’, yaani fundi. Basi.”

“Jina moja,” alisema Amuri.

“Vile walikuwa wanaandika watu wa Congo.”

“Na huyo Kasongo anapata nini?”

“Heshima. Na kiti kwenye ndege ya leo, aende Bruxelles karte ikitolewa.”

Kiti kwenye ndege, wakati waasi wako njiani! Mji mzima ungeuza nyumba kwa kiti hicho. Amuri alimgeukia Hilaire.

“Miaka ile ulikuwa wapi, Monsieur?”

“Watu walisema niko Léopoldville kwenye garage. Kweli nilianza pale. Wabelgiji walinichukua kutoka pale.” Hilaire alizungumza taratibu. “Timothée alikuwa ndugu yangu, sitaki kumuharibia jina. Lakini yeye aliazima mambo yangu: jiwe, foto, hata hadisi. Nilimuachia. Jana saa kumi nilipita garage, nikamuomba anirudishie. Alinipa bila maneno.”

“Saa kumi mchana?”

“Saa kumi juste.”

Amuri aliitazama bahasha, akaiacha. Akimwonyesha sasa kipande kilicho kwenye leso, Hilaire atasema kilichanika jana hiyo saa kumi, na karani ni mwepesi wa kutengeneza neno. Alitaka aongee mbele ya watu, tena mbele ya kapteni. Njia ya mwongo ni fupi, ila lazima kwanza umwache aanze kutembea.

Saa nane Simisimi ilikuwa imejaa watu na masanduku. Ndege ilisimama uwanjani, injini zimezimwa. Amuri alikuwa amembembeleza kapteni amlete Nassoro, kwa maneno kwamba mtu aliyekwisha hukumiwa hawezi kuharibika zaidi kwa kupanda lori. Hadidja alisimama karibu na lori, haondoi macho kwa ndugu yake.

“Monsieur Hilaire!” Amuri alipaza sauti kwa uchangamfu. “Unaondoka bila kutuachia hadithi? Wanajeshi hawa hawajasikia namna Mkongomani alivyopanda kilele cha barafu. Tuambie!”

Askari wakasogea. Hilaire alisita, akamtazama Françoise, kisha umati. Nyuso zote zilikuwa zinamngoja yeye, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akarekebisha tai.

“Tulikuwa batatu, lakini wazungu bachoka chini. Nikapanda mimi peke yangu, na kamba, mupaka juu kabisa.”

“Mwezi gani?” aliuliza Amuri. “Saa ngapi?”

Hilaire alitunisha kifua. “Muniulize vizuri! Tarehe makumi tatu ya Juni, mwaka elfu moja mia tisa na makumi sita. Siku ya indépendance! Saa sita ya muchana. Ninyi hapa mulikuwa munacheza na kukunywa; mimi niko juu ya mulima, jua inanichoma macho, ninainua mukono kwa ajili ya Congo!”

Umati ulilipuka kwa shangwe. Askari mmoja alirusha kofia. Hata kapteni alitabasamu, naye hakuwa ametabasamu tangu Kindu ianguke. Lakini Françoise alikuwa ameganda, kalamu hewani.

Amuri alingoja kelele zipungue. Mwili wote ulikuwa unamchemka kwa furaha. “Mademoiselle, tarehe thelathini Juni, saa sita mchana, jua liko wapi kule?”

“Haliko,” alisema Françoise. “Kule ni baridi kali na giza. Jua halitoki Juni yote, wala sehemu kubwa ya Julai. Saa sita unaona mwanga hafifu kama wa alfajiri, basi. Na kilele hicho kilipandwa Januari. Mwezi huo sikumtajia mtu.”

Watu walitazamana. Hapa kwetu jua hutoka saa kumi na mbili na kuingia saa kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Nani angewaza kwamba kuna mahali linakosa kazi miezi miwili? Hilaire hakuwaza.

“Nilisahau mwezi,” alisema. “Mutu anaweza kusahau.”

“Mtu aliyekaa miezi miwili gizani hasahau. Timothée alinieleza akiwa chini ya gari langu. Wewe ulisikia hadithi zake zote isipokuwa hiyo.” Amuri alimwomba Françoise bahasha, akatoa picha. Kona ya juu ilikuwa imechanika. Akafungua leso, akakiweka kipande pale. Vikakutana kama kidole na kucha. “Hiki nilikitoa kwenye msumari wa gereji leo asubuhi.”

“Nilisema, nilichukua jana! Saa kumi!”

“Kapteni,” alisema Amuri, “Nassoro alionyeshea kidole nini ukutani, jana?”

Kapteni alijibu polepole, akimtazama Hilaire. “Foto. Saa moja ya mangaribi. Majirani kumi balinihakikishia.”

“Basi saa moja picha ilikuwa ukutani bado. Leo alfajiri haikuwepo, na mwenyewe amelala chini. Saa tatu ulikuwa hotelini unaiuza. Uliichukua lini, Hilaire?”

Hilaire alitazama ndege, akapiga hatua moja. Askari wawili wakamshika mikono. Hapo maneno yakamwagika.

“Nilimuomba kwanza! Nilimuomba! Nikamuambia: ‘Kaka, mimi niko mutu ya serikali, waasi batanikata shingo. Wewe uko mekanisiye, kila jeshi inahitaji mekanisiye. Unipe jina hii mara moja tu.’ Jina yetu iko moja, angepoteza nini? Alicheka. Alisema: ‘Kitu kingine ningekupa, ila siyo mulima.’ Alinigeuzia mugongo, akaanza kutafuta chombo yake. Spana ilikuwa karibu na mukono yangu.” Alianza kulia. “Maisha yote watu banasema, ‘Kasongo gani? Ule wa barafu?’ ‘Hapana, ule mwingine.’ Mimi niko ule mwingine!”

Hadidja alimsogelea mpaka karibu. Watu walidhani atampiga. “Angekupa garage yake,” alisema. “Angekupa nguo ya mwili. Alikupenda sana, Hilaire.” Akamwacha hapo na kwenda kwa ndugu yake.

Kapteni alikata kamba za Nassoro kwa kisu chake mwenyewe. Hakuomba radhi. Alimvuta Amuri pembeni, akanong’ona: “Leo ninamuacha. Kesho wakubwa yangu bataniuliza mutu ya waasi iko wapi, na sitakuwa na jibu. Unaelewa?”

Amuri alielewa. Furaha yote ilimtoka mara moja. Alimwendea Hadidja akamwambia kama alivyoambiwa, bila kuficha neno.

Injini za ndege zilianza kunguruma. Françoise alikuja mbio, nywele zikipeperuka. “Mama, kiti ni cha nyumba ya marehemu. Unakuja?”

Hadidja hakufikiri. “Nina batoto nne na maiti ya kuzika. Atapanda huyu.” Akamsukuma Nassoro mbele.

“Mimi?” Nassoro alirudi nyuma. “Mimi nilimuita muongo mbele ya watu! Nitasema nini kule, dada?”

“Panda!”

Françoise alikuwa na kalamu mkononi, ngazi zikianza kutikisika. “Basi niambieni haraka. Niandike Kilele cha Kasongo?”

“Hapana,” alisema Nassoro, na sauti yake ilikuwa imara kwa mara ya kwanza siku hiyo. “Kasongo wako wawili, na mumoja aliua mwenzake. Andika Timothée.”

Hadidja alimshika uso kwa mikono miwili, mikono ambayo bado ilikuwa na harufu ya mafuta ya sakafu ya gereji, akamgeuza kuelekea ngazi.

“Kaone hiyo karte na macho yako. Ukirudi, ni wewe utakayewaambia batoto yangu kama baba yao alisema kweli.”