Docteur, Panda Kipoyi

Kila asubuhi Maman Cibalonza hushuka mlima na kapu la mboga za lengalenga, akauze sokoni Nyawera. Siku ile hakushuka. Binti yake Pascaline, mwenye mimba kubwa, alirudi kutoka kituo cha afya akilia.

"Maman, bamebadilisha mipaka. Banasema mutaa yetu haiko tena ya kituo hiki. Niende kuzalia ng'ambo ya bonde."

"Ng'ambo? Na mvua hii? Ule muto unakula batu!"

"Banasema iko amri ya serikali. Tuvumilie."

Cibalonza na kuvumilia! Nani alishawahi kuwaona pamoja? Alifunga kitenge, akaenda kwa jirani yake Ghislaine, anayehamasisha chanjo nyumba kwa nyumba.

"Usiogope, dada," Ghislaine alisema. "Uchungu ukianza, mukimbilie kituo cha karibu. Hakuna wa kumufukuza mama juu ya mpaka. Mpaka unaonyesha tu kituo gani kinaletewa dawa na chanjo zetu. Batu ndio balichora, batu banaweza kurekebisha. Kamati yetu ya afya iombe wakubwa bakuje kuona njia."

Kamati iliomba. Ikaomba tena, na tena, mpaka ofisi ya zone ya afya ikamtuma Docteur Honoré. Alikuja na ramani na viatu vinavyong'aa.

"Oneni, ng'ambo iko karibu tu," alisema, kidole kwenye ramani.

Cibalonza aliita vijana. Wakaleta kipoyi, machela ya mianzi ya kubebea wagonjwa.

"Docteur, panda. Leo wewe ndiye Pascaline."

"Maman, mimi siko mugonjwa!"

"Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Panda!"

Watu walicheka. Docteur akapanda kwa aibu. Njia ilikuwa tope tupu, kipoyi kikayumba huku na huku. Bondeni maji yaliwafika wabebaji kiunoni.

"Munishushe!" Docteur alipiga kelele.

"Hapa?" Cibalonza aliuliza kwa hasira. "Na Pascaline tumushushe hapa? Azalie mu mayi?"

Docteur alitazama maji.

"Turudi," alisema. "Mpaka utapita kwenye muto huu. Mutaa yenu inarudi kwa kituo cha zamani."

Na ikarudi. Pascaline alizaa mtoto wa kike kwenye kituo cha karibu, salama, mvua ikinyesha.

Kipoyi kiko nyuma ya nyumba ya Cibalonza. Kila Jumamosi anakaza kamba zake.

"Bakichora vibaya tena," anasema, "tutabeba tena."