Sauti Iliyoitika Langoni

Imperia na mdogo wake Graziulla walikuwa wakikamua shuka la mwisho pale chemchemini kengele ya ngome ilipolia.

"Tangulia wewe," alisema Graziulla, ambaye mguu wake wa kushoto ulivunjika utotoni na haukupona sawasawa. "Mwambie yule mzee anisubiri. Akikataa, mtekenye."

"Orlandu? Huyo hata malaika wamtekenye hacheki."

Imperia akabeba kapu na kupanda kilima mbio. Jua lilikwisha zama. Ilikuwa Julai, mwezi wa maharamia, na mwezi huo hakuna mtu wa kisiwa cha Gozo aliyelala nje ya ngome. Kila mwenye merikebu kubwa alikwisha kukiteka kisiwa kile, akajiita bwana, akaondoka. Wezi wa watu ndio waliorudi kila kiangazi. Miaka kumi nyuma walizoa kisiwa kizima, wakabakiza vikongwe tu. Imperia na nduguye walihamia baadaye kutoka Malta, wakapewa nyumba ya waliochukuliwa pamoja na vyungu vyao.

Ndani ya lango mlikuwa na giza. Mzee Orlandu, mlinzi wa lango na mmoja wa vikongwe wale, ambaye hata kulala alilala papo langoni, alikuwa akiita majina na koo kutoka kwenye karatasi yake, na kila mtu akiitika chini ya ushungi wake mweusi. Sauti ikisikika, yatosha. Lango likishafungwa halifunguliwi mpaka asubuhi, hata abishe mama mzazi, kwa sababu maharamia walizoea kuwatanguliza mateka wabembeleze kwa lugha ya nyumbani.

"Graziulla wa Kalsi?"

Imperia alifungua kinywa aombe subira.

"Nimo," sauti ikaitika mgongoni pake.

Kumbe amefika! Imperia akashusha pumzi. Komeo likateremshwa. Karatasi ilikuwa ikimtetemeka Orlandu mkononi, lakini nani ana habari na mikono ya wazee?

Nyumbani aliwasha taa. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuketi kitandani, ameupa ukuta uso, maji yakimchuruzika.

"Vua hiyo nguo, utashikwa na homa."

Imperia akamsogelea.

Kulikuwa na harufu... lami, na kamba iliyooza baharini.

"Mtungi wa mafuta mliuhamishia wapi?" yule aliyeketi akauliza kwa upole. "Mama aliuweka hapa."

Kisha akainuka, akatembea hadi kwenye kona.

Hakuchechemea.

Papo hapo, kutoka langoni... ngo. Ngo. Ngo.

"Dada! Nifungulie!"

Imperia alitoka mbio, kapu likabaki limepinduka. Njiani watu walikuwa wamekaa vizingitini, vidole masikioni, kama ilivyo desturi. Orlandu alisimama ameukandamiza mgongo kwenye komeo.

"Fungua, mzee wangu! Yuko nje!"

"Wa nje siku zote ni wa maharamia, binti."

"Ni mdogo wangu! Uliyemwingiza simjui!"

"Mimi namjua." Machozi yalimtiririka yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheka wala akilia. "Ni binti yangu, Kornelja; nyumba mnayolala ilikuwa yetu. Siku ile nilifunga lango hili amebakiza hatua kumi. Leo nimemsikia, nikamwacha apite. Usiniambie nimtoe."

"Na wangu je?"

Huko nje Graziulla hakuwa akibisha tena. Alikuwa akinong'ona.

"Dada... huku nje kumejaa watu. Wamelowa. Wananiuliza kama majina yao yameitwa."

Imperia aliiona hofu yake yote ikigeuka hasira. Alimkamata mzee kooni. Angemnyonga, na hilo hakulificha maisha yake yote.

"Baba."

Yule mwenye ushungi aliyeachwa nyumbani alikuwa amesimama nyuma yao.

"Siku ile, ulinisikia nikibisha?"

Mzee angeweza kudanganya.

"Nilikusikia, mwanangu. Nilikusikia mpaka mwisho."

"Basi twende."

Orlandu aliinua komeo kwa mikono yake. Upepo wa chumvi ukazima taa zote. Imperia alihisi watu wawili wakimpita kwenda nje, mmoja wa baridi, mwingine wa joto, kisha akashika mkono na kuuvuta ndani kwa nguvu zote. Graziulla alianguka miguuni pake, akainuka, akachechemea hadi nyumbani. Asubuhi walimtafuta Orlandu mpaka ufukweni. Hawakupata hata kiatu.

Jioni iliyofuata, Imperia ndiye aliyeita majina. Aliamuru kila mtu avue ushungi, aonekane uso. Karatasi ilikuwa mpya, kwa maana ile ya zamani Orlandu alitoka nayo.

Wote waliitika. Lango likafungwa.

Ndipo waliposikia, upande wa pili wa mbao, sauti ya mzee ikisoma taratibu. Aliita majina ya waliochukuliwa, nyumba kwa nyumba. Na kila jina likaitikiwa.

Nimo.

Nimo.

Nimo.

Hatimaye akayamaliza yale ya zamani, akaanza ya sasa.

"Graziulla wa Kalsi?"

Imperia alimrukia mdogo wake, akamziba mdomo kwa mikono miwili.

Chini ya viganja vyake, midomo ilikuwa imekwisha kuanza kutamka.