Breki ya Mbele ya Musoni

Nikuulize wewe unayesoma: nani huyu, ukimkamata kwa pupa anakuangusha, ukimkamata taratibu anakuokoa? Jibu lako likalishe mdomoni kwanza. Tumfuate Musoni.

Musoni aliendesha pikipiki ya abiria kule Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Kila asubuhi alimpakia binti yake, Munezero, akampeleka shule karibu na Base Camp. Zamani, milimani kwao Kongo, alikuwa mchungaji. Alipojifunza pikipiki aliteleza kwenye matope, akaanguka. Akasema breki ya mbele ndiyo imemrusha, akaufungua waya wake. Tangu hapo alitumia ya nyuma tu.

"Ng'ombe unamuongoza kutoka nyuma," alisema, na wachungaji wenzake wakaona ana akili.

Asubuhi moja, wakielekea shule, mwana-mbuzi aliruka barabarani. Musoni akakanyaga breki. Gurudumu la nyuma likaserereka. Pikipiki ikamkosa mbuzi kidogo tu, ikaingia kwenye mahindi ya watu. Hakuna aliyeumia.

Kanyange, mkewe, alipata habari kabla Musoni hajafika nyumbani. Hakugomba.

"Papa Munezero, ingekuwa mutoto, ungesimama fasi gani?"

Musoni akaanza kuchomoa majani ya mahindi kwenye gurudumu.

"Basi mpaka unijibu, Munezero atatembea."

Na mtoto akatembea, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi. Kila jioni Musoni alimwona akiosha miguu yenye vumbi, akainamisha kichwa.

Wiki hiyo alikwenda Mbarara, mtaa wa Kakoba, kwa fundi Kizito. Fundi akaona waya unaning'inia.

"Ssebo, bwana, hii breki nani alifungua?"

"Mimi. Inarusha watu."

"Unakamata namna gani? Onyesha."

Musoni akakunja ngumi kwa nguvu zake zote.

"Hata mimi ningekutupa," alisema Kizito, aliyejua habari za uchungaji wake. "Kwenu Kongo ulikuwa unakamua ng'ombe hivyo?"

"Hapana. Angenipiga teke."

"Basi kamua. Anza pole, halafu ongeza, ongeza. Ya nyuma kanyaga pamoja nayo. Pikipiki ikae wima, macho yaangalie mbele. Gurudumu la mbele likigoma kuzunguka, achia mara moja, kamua tena. Kwa changarawe, kamua kidogo zaidi. Lakini mazoezi si ya barabarani."

"Fasi gani basi?"

"Tafuta. Pawe tambarare, pakavu, pagumu. Watu na mbuzi wasipite. Na mbele pabaki nafasi mingi, kama umeshindwa kusimama. Jumatano nakuja kutengeneza pikipiki huko kwenu, nitakuona."

Kizito akafunga waya mpya, na Musoni akaanza kutafuta. Uwanja wa mpira ulikuwa na nyasi zenye umande, na watoto hawatoki. Njia ya ziwani ilikuwa mteremko. Ndipo akakumbuka uwanja wa kugawia chakula. Siku ya mgao hakuna pa kuweka mguu. Siku nyingine ni mtupu, una uzio, na ardhi imeshindiliwa na miguu ya watu. Akaomba ruhusa kwa wasimamizi, wakampa.

Jumatano akaja na kaski ya kukinga kichwa, glavu, koti zito na viatu vya kufunika miguu. Yeye na Kizito wakatembea uwanja mzima kwanza, wakaokota mawe. Wakaufunga mlango. Akaanza bila abiria, kwa mwendo wa baiskeli.

"Unanyonga panya," Kizito aliita. "Nilisema kamua."

Akarudia mpaka mkono ukazoea. Jumatano iliyofuata akaongeza mwendo kidogo. Ya tatu, kidogo tena.

Jumatano ya nne Kanyange alikuja, na kaski ndogo ya Munezero kwapani. Akaweka jerikani la njano kando ya njia ya pikipiki.

"Huyu ni mutoto," alisema. "Nikiinua kitenge, ameruka."

Akasogea mbali, penye usalama. Musoni akaja kwa mwendo wake wa barabarani. Kitenge kikapaa. Musoni akaachia mafuta, akakamua, akakanyaga. Pikipiki ikainama mbele kidogo, ikanyooka, ikatulia.

Kanyange akapima kwa miguu kutoka gurudumu mpaka jerikani. Hatua nne. Akarudi, akamnyooshea mumewe kaski ndogo, lakini hakuiachia.

"Papa Munezero, nilikuuliza kitu."

"Ningesimama fasi hii," Musoni alisema. "Mutoto anaendelea kucheza."