Kurasa Tatu Bila Mgonjwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Daktari alifagia saluni ya baba yake. Alikusanya nywele za jana, akapangusa kioo, akazipanga mashine za kunyolea kuanzia kubwa hadi ndogo. Daktari si jina alilopewa binti huyo alipozaliwa. Baba yake, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko wateja, alimbandika jina hilo alipokuwa na miaka saba, siku alipomfunga paka kitambaa mguuni. Paka mwenyewe hakuwa na jeraha lolote, lakini jina liliganda.

Sasa alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na hakuna mteja aliyeinuka kwenye kiti bila kusikia habari zake.

"Huyu ndiye daktari wangu," baba alisema asubuhi hiyo huku akitikisa kitambaa. "Mwakani yuko chuo cha udaktari. Hayo magoti yako atayatibu yeye."

Daktari alitabasamu nusu mdomo, akachukua mkoba, akatoka mbio. Siku hizo hakuwa na raha hata kidogo. Akiketi, miguu ilimcheza. Akishika kitabu, alisoma mstari uleule mara nne. Fomu ya kuchagua chuo ilitakiwa kurudishwa Ijumaa, na kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: akiona damu, kichwa kilimzunguka.

Mwalimu wa ushauri, ambaye wanafunzi walimwita Mama Fomu akiwa hayupo, alikuwa na sharti lake. Hakumsainia mwanafunzi fomu mpaka akae nusu siku mahali pa kazi aliyoichagua, kisha aandike aliyoyaona. Daktari alikuwa amekwenda zahanati Jumamosi. Jumatatu hiyo alimpelekea mwalimu ukurasa mmoja uliotiwa chumvi kwelikweli.

Mama Fomu alisoma, akavua miwani.

"Umeandika hapa kwamba ulimsaidia muuguzi kusafisha kidonda cha mzee mmoja. Kidonda kilikuwa wapi?"

"Mguuni, mwalimu."

"Mguu upi?"

"Wa... wa kulia."

"Kikavu au kibichi? Na mzee alisema nini mlipokigusa?"

"Alisema asante."

"Kidonda kinaguswa, mwenyewe anasema asante!" Mama Fomu alitaka kucheka, akajizuia. "Mwanangu, hebu niambie. Ulikuwapo?"

Machozi yakamlengalenga. Akamwaga yote. Zahanati alikwenda, lakini muuguzi alipofungua bandeji ya kwanza tu, alihisi sakafu inampanda. Alitoka akishika ukuta, akaingia chumba cha mafaili, akakaa humo na karani mpaka saa sita mchana.

"Basi niandikie hayo," mwalimu alisema. "Ulichokiona kwa macho yako, si kingine. Ulete kesho."

Kesho yake Daktari alileta kurasa tatu. Alieleza jinsi mafaili yalivyorundikana hadi dirishani. Alieleza jinsi mama mmoja mwenye mtoto mchanga alivyosubiri saa nzima, kumbe faili lake lilikuwa kwa mtu mwingine anayefanana naye jina. Dada wa mapokezi aliandika jina la mgonjwa, na karani alitafuta kwa jina la baba wa mgonjwa, kwa hiyo walikuwa wakipishana kila siku. Daktari na karani walipanga rafu moja upya kwa namba za kadi. Wagonjwa kumi wa mwisho walipata mafaili yao kabla chai ya karani haijapoa.

"Kurasa tatu," Mama Fomu alisema, "na mgonjwa hayumo hata mmoja, ila faili lake! Lakini nimeona ulivyofurahi kuandika. Unajua kwamba kazi hii ina chuo chake? Utunzaji wa kumbukumbu za afya. Faili likipotea, hata daktari hodari anabahatisha. Baba yako anajua habari hizi?"

"Hajui. Mwalimu, tafadhali mwambie wewe."

"Mambo ya chuo nitamweleza mimi. La kwako utalisema mwenyewe."

Jumatano Daktari alipita mbele ya saluni mara tatu, na mara zote alimkuta baba na mteja. Alhamisi asubuhi alifagia palepale alipokwisha kufagia. Jioni alikata shauri, akaingia. Kwenye kiti alikuwapo mteja aliyenyolewa upande mmoja wa kichwa.

"Huyo hapo!" baba alisema. "Kesho anajaza fomu ya udaktari."

"Sijazi, baba."

Mashine ikazimwa.

"Sijazi udaktari. Naogopa damu, baba. Nilikuficha."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipojikata na wembe. Nilikwambia nakimbilia maji."

"Na maji hukuleta," baba alisema taratibu.

Alimtazama binti yake, kisha akautazama ukuta. "Mwaka mzima nawaambia watu. Kumbe nawadanganya, na uongo wenyewe nimepewa na mwanangu."

Daktari alikuwa amejiandaa kufokewa. Maneno hayo ya upole yalimchoma zaidi, akalia, akaomba msamaha. Baba aliketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kuketi.

"Fundi, samahani," mteja alisema akimtazama kwenye kioo, "na upande huu wa pili?"

"Subiri kidogo," baba alijibu. Mteja alisubiri sana, maskini.

Ijumaa baba alifika shuleni na shati lililopigwa pasi. Mama Fomu alimweleza masomo yanayotakiwa, miaka ya chuo na kazi zinazopatikana baadaye. Baba aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili. Kisha akapewa fomu ajaze sehemu ya mzazi. Swali la kwanza lilisema: "Mtoto wako anapenda kufanya nini?"

Baba alishika kalamu, asiandike kitu.

"Wiki iliyopita ningejaza hapa bila kufikiri," alimwambia Daktari aliyeketi kando yake. "Mimi naongea mno, sikuwahi kukuuliza. Hilo ni kosa langu. La kwako ni kuninyamazia. Ukweli wako uliniuma jana, na leo nimeamka mzima. Lakini uongo ule ungekufikisha kwenye kitanda cha mgonjwa, naye angekuamini kama nilivyokuamini mimi. Jambo likikushinda, liseme mapema, hata kama unayemwambia atakasirika. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Haya. Unapenda kufanya nini? Sema polepole, niandike."

Daktari alianza kusema. Baba aliandika mpaka mistari ikaisha, akamwomba mwalimu karatasi nyingine.