Msalaba Ambao Sumaku Iliukataa

Nilimwita baba yangu mwizi... tena mbele ya mteja!

Wiki tatu baadaye nikamzika. Wadau, someni hadi mwisho, halafu mnitukane mkipenda. Nastahili.

Niiteni Henrike, majina yote nimebadilisha. Hapa Hildesheim, Ujerumani, tuna kiduka cha kukagua nishani za vita. Watu wanaleta walivyoachiwa na babu zao, tunawaambia ni kitu gani na wakusanyaji watatoa ngapi. Baba, mzee Albrecht, alikalia kiti kile miaka hamsini na tano. Akisema halisi, hakuna wa kubisha.

Siku hiyo akaingia Bi Tiedke, bibi wa miaka themanini, ameshika leso iliyofungwa fundo.

"Mwanangu anataka kujua bei yake, binti. Mimi siuzi ng'o!"

Ulikuwa Msalaba wa Chuma, nishani ya ushujaa ya vita ya kwanza ya dunia. Wa baba yake, aliyefariki yeye akiwa na miaka saba. Kila Jumapili bibi huyu alikuwa akiusugua ung'ae. Wengi hukosea hapo, maana ukisugua unashusha bei.

Nikatoa sumaku. Msalaba halisi una bamba la chuma ndani ya fremu ya fedha, kwa hiyo sumaku lazima inase.

Sumaku ikateleza.

Nikajaribu tena. Wapi!

"Bi Tiedke... hii ni feki."

"Haiwezekani! Mama alinivisha siku ya harusi yangu, mwaka sitini na moja. Baba yako mwenyewe aliukagua. Cheti hiki hapa!"

Nikakisoma. Mwandiko wa baba, sahihi ya baba: HALISI.

Damu ikanichemka. Kazi yetu ina wizi mmoja tunaujua wote: unapokea nishani ya mtu kuikagua, unamrudishia ya bandia, ile halisi unaipiga bei.

Baba alikuwa nyuma ya pazia, anakunywa kahawa yake.

"Baba! Msalaba wa huyu mama uliupeleka wapi?"

Akatoka. Akauona. Akamwangalia Bi Tiedke.

"Si unijibu! Uliiba?!"

"Ndiyo," akasema taratibu. "Nilikuwa kijana, nina tamaa. Nisamehe, Bi Tiedke."

Yule bibi hakupiga kelele. Alifunga tena leso yake, akaelekea mlangoni analia.

"Mwizi mkubwa we! Usiniongeleshe tena!" nikamfokea baba.

Na kweli hakuniongelesha. Kila asubuhi aliniwekea mkate na siagi mezani, nami nikapita kama sioni. Siku ya ishirini moyo wake ukasimama.

Nikiwa nasafisha meza yake ya kazi, nikakuta kalibu ya plasta ya kumiminia madini, yenye umbo la msalaba. Chini yake, barua ya mama yake Bi Tiedke:

"Bwana Albrecht, ule msalaba niliubadilisha kwa gunia la viazi, ile baridi ya njaa ya mwaka arobaini na sita. Binti yangu alikuwa anakufa. Sasa anaolewa, na anauulizia. Nitamwambiaje kwamba aliula yeye mwenyewe? Nitengenezee mwingine, nakuomba."

Jamani... nilikaa sakafuni nikalia mpaka sauti ikakauka.

Mzee wangu hakuiba kitu! Alikubali kuitwa mwizi na mwanawe wa kumzaa, ili bibi wa watu asijue kwamba mama yake alimdanganya.

Mara mbili niliibeba barua ile hadi mlangoni kwa Bi Tiedke, nimsafishe baba jina. Mara zote mbili nikarudi nayo.

Alhamisi iliyopita Bi Tiedke alizikwa. Mwanawe akaniita pembeni.

"Aliomba azikwe na ule msalaba."

"Ule wa bandia?"

"Huo huo. Alisema, 'Wa kweli aliuiba yule mzee, lakini huu mama alinivisha kwa mikono yake.'"

Nikainamisha kichwa. "Tusameheni," nikasema.

Basi ameondoka akiamini baba yangu ni mwizi, na mama yake hakuwahi kumdanganya. Mzee alitaka iwe hivyo.

Wewe unayesoma, mzazi wako akikubali kosa haraka haraka, muulize mara ya pili, kwa upole. Mimi niliuliza kwa kelele, na jibu la kwanza likanitosha.