Ufunguo Katika Msuko wa Koko

Kila asubuhi kabla ya shule, Tamar alimpikia nyanya yake, Koko Kaswera, uji mwepesi, kwa sababu uvimbe wa kooni ulimzuia kumeza ugali. Kisha alimsuka. Ndani ya msuko wa nyuma, kama Koko alivyotaka, alificha ufunguo wa nyumba yao ya Mangina. Walipokimbia vita, watu wenye bunduki waliwapekua mifuko na mabegi njiani, lakini hakuna aliyepekua nywele za mwanamke mzee. Tangu walipofika Butembo, ufunguo ulikaa humo.

Alhamisi hiyo Tamar hakwenda shule. Alimpeleka Koko hospitalini kupigwa picha na skana, mashine inayoonyesha ndani ya mwili. Jioni picha zingetumwa Kampala, ambako madaktari wangezitumia kupanga mahali pa kuelekeza mionzi ya kuunguza saratani.

Kwenye benchi la kungojea alikuwepo Victoire wa darasa lao, pamoja na babu yake, Mzee Mathe. Shuleni watoto waliokimbia vita walichekwa na kuitwa "badeplase", kwa hiyo yeye alidai kwamba baba yake ana duka Bungulu, mjini Beni, na kwamba yeye amekuja Butembo kusoma tu.

Papa Apollinaire, fundi wa skana, alisimama mlangoni. "Koko asikuwe na chuma hata kidogo. Hereni, pini, chochote. Umuulize kwa Kinande, lugha yake."

Tamar alimtupia Victoire jicho. Afumue ufunguo kichwani mwa Koko mbele yake?

"Hapana chuma, Papa," alijibu, bila kumuuliza Koko.

Koko aliingizwa kwenye mashine, na muda si mrefu Tamar aliitwa ndani. Kwenye kioo cha kompyuta, nyuma ya shingo ya Koko, kitu kilimeta, na kutoka hapo mistari myeupe ilitawanyika mpaka kooni. Uvimbe haukuonekana.

"Hii ni nini?" aliuliza Papa Apollinaire.

"Pengine ni risasi, Papa. Tulikuwa kwenye vita."

"Mutoto, tangu lini risasi iko na meno ya ufunguo?"

Masikio ya Tamar yaliwaka moto. "Kompyuta haiwezi kufuta hiyo mistari?" alinong'ona.

"Inaweza kuipunguza. Kuko batu benye risasi mwilini, hao tunawasaidia hivyo. Lakini pale isipoona, inakisia. Unataka daktari achome koo ya Koko kwa kukisia, na ugonjwa ubaki?"

Tamar alitikisa kichwa huku akilia.

"Barabara imefungwa, mazutu, mafuta ya jenereta, inabaki ya mgonjwa mmoja. Ni zamu ya Mzee Mathe. Nenda umuombe wewe mwenyewe, na umwambie ukweli wote."

Hatua kumi hadi kwenye benchi zilikuwa ndefu kuliko njia ya Mangina. Tamar alieleza yote, macho chini.

"Si ulisema baba yako ana duka Bungulu?" Victoire alimkata.

"Nilidanganya. Sisi ni badeplase."

Mzee Mathe alivua kofia yake. "Goti langu linauma miaka minane sasa, haliwezi kuniua wiki hii. Mupitishe mama."

Tamar alianza kufumua msuko kwa pupa, akazidi kuukaza. Victoire alimtazama kidogo, akasogea. "Toka hapo. Unakaza kama unafunga mbuzi!" Akaufumua yeye.

Picha ya pili ilikuwa safi. Uvimbe ulionekana na mipaka yake yote, nazo picha zikatumwa kabla jenereta haijazimika.

Nje, Tamar alimweleza Koko kila kitu kwa Kinande. Koko alimwekea ufunguo kiganjani.

"Mimi niliuficha kwa sababu ninaupenda," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Wewe uliuficha kwa sababu ya aibu. Kukimbia vita si aibu, mjukuu wangu. Aibu ni kuficha ukweli mpaka ugonjwa ukose kuonekana. Sasa uuvae wewe, nje ya nguo."

Kesho yake darasani, mtoto mmoja aliuonyesha kwa kidole ule ufunguo uliofungwa kwa uzi shingoni mwa Tamar. "Unafungua nini?"

"Nyumba yetu," alijibu Tamar. "Iko Mangina."