Laki Nane kwa Gomesi ya Zambarau

Enyi watu wa Kampala na vilima vyake vyote, na ninyi mnaosoma mkiwa mmejificha chini ya blanketi bwenini! Mimi, mwandishi ninayeona kila kitu, nisiyezuiwa na ukuta wala pazia, leo nafungua rasmi kisa cha mapenzi kitakachowaliza hata wakuu wa majeshi. Simameni. Wenye kofia, vueni.

Sasa kaeni. Mama aliniita nikaoshe sufuria ya posho, ugali wetu, na posho ikishagandamana chini, hata mwandishi anayeona kila kitu huikwangua kwa kijiko. Nimerudi. Tuendelee.

Nerima ni dada yangu, lakini kwa ajili ya haki nitamwandika kama mtu nisiyemjua. Ni fundi wa gomesi, vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, hapa Makindye. Wazazi wake walihamia kutoka Busia, upande wa Kenya, wakaleta biashara ya vitambaa na watoto wa kike. Nerima ana cherehani mbili, mashavu ya kupendeza, na tabia ya kumshuku kila mtu. Akirudishiwa chenji iliyotimia, hujiuliza wamemfichia nini.

Siku ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Kyambogo alikwenda kumshangilia binamu yake. Alivaa gomesi aliyoishona mwenyewe, hariri ya zambarau, mabega yamechongoka, mshipi wa rangi ya fedha umemkaa kiunoni hadi watu wakapisha njia. Uwanja ulikuwa umefurika majoho, maua ya plastiki na wapiga picha. Wapiga picha wa mahafali wana utaratibu wao. Mmoja anakupiga bila kukuuliza, anakimbia kuichapisha, na ukitoka unaikuta sura yako imelazwa juu ya turubai pamoja na za wenzako. Unailipia kwa aibu tu, maana utaiachaje sura yako chini ikanyagwe?

Kwa hiyo kamera ilipolia karibu yake, Nerima aligeuka kama askari aliyeitwa jina.

"Wewe! Futa hiyo."

Aliyepiga alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati jeusi limekunjwa hadi viwikoni, magoti yamejaa vumbi. Kamera moja shingoni, nyingine begani.

"Samahani, dada. Nilikodiwa na familia ile pale. Wewe umepita tu."

"Nimepita tu, halafu nikitoka nitajikuta kwenye turubai."

"Mimi sina turubai."

"Basi una nini?"

"Nina jina. Okwera." Akageuza kamera. "Angalia kwanza, ndipo ugombane."

Nerima aliangalia ili apate cha kugombania. Hakukipata. Ile zambarau ilikuwa zambarau. Huenda wewe huoni ajabu, lakini simu ya Nerima, kila ikipiga gomesi ya zambarau, huitoa ya buluu. Bi Awiti, mwenye duka kubwa Kisumu, aliwahi kumrudishia mzigo mzima akisema, "Niliona buluu, umeniletea nyingine. Nitumie picha za kweli, la sivyo nanunua kwa fundi wa Jinja."

"Utaniuzia kiasi gani?" akauliza.

"Hii nitakutumia bure."

"Bure!" Nerima akarudi nyuma hatua. "Kampala hii? Unataka nini?"

"Namba ya simu. Nitaitumaje bila namba?"

Banange, akampa.

Wiki zilizofuata simu ya Nerima haikupoa. Alikuwa akiiweka spika akishona, na sauti ya Okwera ilijaa chumba. Okwera alizaliwa na kulelewa katika kambi ya polisi, baba yake koplo kutoka Kitgum, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha watoto wa kambini, cha haraka na cha utani.

"Malaika, umekula?"

"Nimekula. Kwa nini unauliza? Nani amekwambia sijala?"

"Nerima, hilo ni swali la mapenzi, si la mahakama."

"Mapenzi nayo yana mashahidi wa uongo."

"Basi niite nitoe ushahidi. Jioni, chai, kwa Mama Adoch."

Walikunywa chai. Walikula rolex moja, chapati iliyoviringishiwa mayai, wakigawana. Ndipo Nerima, akiwa ameshikwa mkono kabisa, akauliza angetozwa kiasi gani kupigiwa picha gomesi zake kwa ajili ya Bi Awiti.

"Laki nane," Okwera akasema.

Mkono ukaachwa.

"Laki nane kwa kubonyeza kitufe?"

"Kitufe ni bure. Njoo hata sasa ukibonyeze."

"Okwera, mimi ni mpenzi wako."

"Ndiyo maana. Nikikufanyia bure, nikiharibu utasema ahsante na kulia chumbani. Ukinilipa, utanigombeza kama mteja. Nataka unigombeze."

"Laki tatu."

"Nane, kipenzi."

"Nne, na chai."

"Nane, na chai nanunua mimi."

Alilipa. Alilipa huku anamtazama usoni, kama mtu anayekariri sura atakayoieleza polisi. Okwera akazichukua gomesi, akazikunja vizuri kuliko wanaume wengi wanavyokunja chochote, akaondoka nazo.

Kisha akapotea. Simu zake zikawa fupi. "Bado, mpenzi." "Nangoja jua, roho yangu." Jua! Nerima akatoka nje, akalitazama jua la Kampala linalowaka bure kila siku, akarudi ndani amekunja uso. Usiku wala mchana hakushona mshono ulionyooka.

Asubuhi moja ikaingia meseji kutoka namba asiyoijua. Iliandikwa hivi: Mpiga picha wako yuko Port Bell na mwanamke mzuri. Mwanamke amevaa gomesi yako.

Nerima aliisoma amesimama, akaisoma amekaa. Akapiga simu.

"Uko wapi, mpenzi?" Sauti yake ilikuwa tamu kama dawa ya panya.

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Nje kidogo huku." Upepo ulisikika. Kisha kicheko cha mwanamke.

"Anayecheka ni nani?"

"Nani? Ah, ngoja, mwanga unakimbia! Nitakupigia!" Simu ikakatika.

Nerima hakubadilisha nguo. Alipanda boda akiwa na tepu ya kupimia shingoni, na pini za cherehani bado zimechomwa kifuani kama nishani za vita.

Ufukweni, karibu na bandari, mabehewa ya treni yalikuwa yakisukumwa polepole kuelekea kwenye kivuko, na mbele yake, juu ya jiwe, alisimama mwanamke. Shingo ndefu, midomo imepakwa rangi ya zabibu, ametulia kama malkia. Na gomesi ya zambarau, gomesi ya Nerima, ilikuwa ikipeperuka kwa namna ambayo haijawahi kupeperuka kwenye henga.

Okwera alikuwa amelala kifudifudi matopeni, jicho limezama kwenye kamera. "Hivyo hivyo, Adong! Usipumue!"

"Apumue!" Nerima akapiga kelele. "Apumue, maana ni mara ya mwisho! Laki nane zangu, gomesi zangu, na mwanamke wako!"

Kutoka nyuma ya kitu kikubwa, cha mviringo, kinachong'aa kama sufuria mpya, likatokea jitu la mwanamume lenye fulana ya jeshi.

"Mwanamuke wa nani?" likauliza. "Huyu bibi yangu. Mimi Koplo Obwona. Mimi nashika hii kitu ya kuludisha mwanga tangu asubui, mkono nauma, na sasa wewe nakuja kuharibu?"

Adong akacheka kile kicheko cha kwenye simu. "Nyabo, ndiye wewe fundi? Nguo yako inanifanya nijione waziri. Usinivue bado."

Kando, chini ya mwavuli, binti mmoja alikuwa na sanduku la poda. Kulikuwa pia na lenzi ndefu ya kukodi, na mlinzi wa eneo ambaye naye alilipwa ili wapige picha hapo. Nerima alivitazama kimoja kimoja, na laki nane zikaanza kugawanyika machoni pake. Alipofika kwa Okwera, mwenye matope hadi kidevuni, hakuona hata shilingi iliyombakia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Okwera aliinuka taratibu. "Nikimwambia mteja, anakata. Mrembo wa nini, toa. Poda ya nini, toa. Mwisho nabaki mimi na simu yako, na zambarau inageuka buluu." Akafuta lenzi kwanza, uso baadaye. "Lakini wewe si mteja tu. Ungeniuliza. Hukuniuliza, umenijia kama polisi. Mimi nimekulia kwa polisi, Nerima. Sitaki kuoa kituo."

Neno kuoa lilisikiwa na wote, hata koplo. Lakini lilisemwa kwa kuaga.

"Picha utazipata. Mengine tuyaache hapa."

Picha zikaja, zimetumwa bila hata "malaika". Okwera alikuwa amekesha nazo kwenye kompyuta, akilinganisha kila rangi na kipande cha kitambaa mpaka zikafanana. Nerima akazituma Kisumu. Jibu la Bi Awiti lilikuja kwa ujumbe wa sauti, anapaza, na kuku wanalia nyuma: "Hii ndiyo zambarau! Wa Jinja nimemwacha. Nishonee kadiri vidole vyako vitakavyoweza!"

Nerima aliisikiliza, akaweka simu chini, akalia juu ya cherehani. Bi Awiti amepatikana. Aliyemleta amekwenda. Ilipofika saa ya chai, akapiga.

"Haloo," Okwera akasema, mkavu.

"Njoo nyumbani unigombeze. Mimi ndiye niliyeharibu."

Upande wa pili kamera ikasikika ikiwekwa chini.

"Kuna chai?"

"Nanunua mimi."

Alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama. Nerima alivaa kitenge cha njano, akasahau tepu shingoni. Wakakaa sebuleni, kochi moja, nafasi ya mtu mzima kati yao.

"Nilikushuku," Nerima akasema.

"Unamshuku hata muuza nyanya."

"Muuza nyanya sijawahi kumlilia."

Nafasi kochini ikapungua. Sitaeleza ilivyopungua, kwa heshima ya wazazi. Mwishowe Okwera akasema, "Nataka kuja na wazee wangu, nijitambulishe kwa wazazi wako kama mkwe."

"Na siku hiyo nani atapiga picha?"

"Si mimi. Nitakodi mtu wa kweli. Anachukua milioni moja na nusu."

Nerima alifumba macho. Nyumba nzima ilingoja. Akaivua tepu shingoni, akaiviringisha hadi mwisho.

"Mlipe yote," akasema. "Na usimpunguzie hata shilingi."

Ndivyo upendo ulivyoshinda, enyi watu wa Kampala. Mnaweza kuvaa kofia zenu.

"Lakini," Okwera akasema, "nani alikutumia ile meseji?"

"Sijui. Namba ninayo. Ngoja niipigie."

Na nyuma ya pazia la sebule, ndani ya mfuko wa sketi ya mwandishi anayeona kila kitu, mbuzi akalia kwa sauti kubwa. Ndio mlio wa simu niliouchagua mwenyewe.

Pazia likafunguliwa.

"Nabangala," dada yangu akasema, pole pole kabisa. "Toka."

Nilitoka. Sawa. Ni mimi. Laini ya simu niliiazima kwa Anena wa bweni letu, meseji ni yangu. Nilimkuta Okwera anapakia gomesi kwenye gari la kukodi karibu na kambi, akamwambia dereva Port Bell. Nilimwona Adong. Na nilimwona mume wake pia, amekaa kiti cha mbele, goti limegusa dashibodi. Nilimwona vizuri sana. Ila likizo ilikuwa imepooza, na picha yenye koplo ndani haina utamu, basi nikamkata nje ya meseji.